Bibi Povu Afundishwa Kukaa

Kabla serikali haijakumbuka kwamba maskini nao huzeeka, uzee ulikuwa cheo cha watu wa ofisini. Mtu wa ofisini akifikisha umri anaagwa kwa hotuba, anapewa saa ya ukutani, halafu kila mwezi anakwenda benki kuchukua pensheni na kulalamika kwamba haitoshi. Watu kama Bibi Povu hawakuwa wakistaafu. Walikuwa wakichakaa tu, kama ndala, mpaka siku mkanda unapokatika katikati ya barabara.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaa mzima ulimwita Bibi Povu, kwa sababu ukipita uani kwake saa yoyote ya mchana utamkuta juu ya kigoda, beseni kubwa la bati katikati ya magoti, povu limempanda hadi viwikoni kama glavu za bibi harusi. Alianza kufua nguo za watu bintiye akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa binti huyo ana meno mawili ya bandia. Amefua sare za wauguzi, mashuka ya nyumba za wageni, na suruali za mafundi magari ambazo zikivuliwa husimama zenyewe zikamsubiri mwenyewe.

Kazi yote hiyo aliifanya kwa vidole tisa. Cha kumi, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilibanwa na mlango akiwa mtoto, kikapona kwa ukaidi: kimesimama wima, hakikunjiki, hakishiki kitu. Wenzake wakizama majini, chenyewe kinabaki juu ya povu kikitazama, mithili ya msimamizi wa ujenzi wa barabara. Bibi alikiita Bwana Mkubwa.

"Tisa wanafua," alizoea kuwaambia wateja, "Bwana Mkubwa anakagua."

Basi likaja tangazo: pensheni imepanuliwa. Kila mzee asiye na kipato atapewa, hata kama maisha yake yote hajawahi kuona mlango wa ofisi kwa ndani. Tangazo lilimkuta Bibi Povu pabaya, maana mgongo wake ulikuwa umeshaandika barua ya kuacha kazi. Akiinama kukamua shuka, kuinuka kunahitaji kikao. Na mzee asiyeweza kufua hawezi kulipia chumba, na asiyelipia chumba anahamia kwa mkwe.

Mkwe wake alikuwa fundi wa redio na spika. Watu walimwita Mtaalamu, kwa sababu hakuna jambo asilolijua na hakuna kitu alichowahi kumaliza kukitengeneza. Alikuwa mtu mwema kabisa, na wema wake ndio uliotisha.

"Mama," alimwambia siku moja, "kazi imeshakushinda. Rudisha ufunguo wa watu, njoo ukae kwetu. Kona yako ipo tayari pale sebuleni, nyuma ya lile pazia jekundu."

Nyuma ya lile pazia jekundu ndiko Mtaalamu alikokuwa akijaribia spika zake. Bibi Povu aliwahi kulala huko mara moja, akaamka akiwajibu watu maswali ambayo hawakumuuliza. Alimpenda mkwewe, lakini alimpenda kama watu wanavyopenda mvua kubwa: inaponyesha kwa jirani.

"Asante, baba," alijibu, akaushika ufunguo wa chumba chake, ambao aliuvaa shingoni kwa uzi kama wengine wanavyovaa dhahabu. "Pensheni ikija, nalipa chumba changu mwenyewe na beseni nalipindua chini juu. Isipokuja, nitakuja kulala na spika zako."

Kesi nzima ilikuwa hiyo.

Kamati ya mtaa ilikuja kuhakikisha kwamba kweli ni maskini. Wakaona kitanda kimoja, kigoda kimoja na beseni. Wakatafuta cha nne hawakukiona. Umaskini wake ukafaulu mtihani kwa alama za juu. Ikabaki kwenda ofisi ya mtaa kuweka vidole kwenye mashine.

Mbele yake kwenye foleni alikuwepo jirani yake, Mzee Kivuli. Huyu alipewa jina hilo kwa kuwa tangu ujana wake hajawahi kukaa juani. Asubuhi yuko upande huu wa ukuta, mchana anahamia na kiti upande wa pili, na huko kuhama ndiyo kazi pekee ambayo mtaa uliwahi kumshuhudia akiifanya. Mkewe marehemu alimlisha kwa kuuza mkaa, na alipofariki, wanawe wakapokezana.

Mzee Kivuli aliweka kidole gumba kwenye kioo. Mashine ikalia *ting!* kabla hata hajakandamiza.

"Duh!" alisema kijana wa usajili, akiinamia kompyuta. "Mzee, una alama safi. Sijawahi kuona. Kila mstari unaonekana."

"Nimevitunza," alijibu Mzee Kivuli kwa unyenyekevu.

Ikawa zamu ya Bibi Povu. Akaweka gumba la kulia. Mashine ikakaa kimya, halafu ikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa. Akaweka la kushoto. Mbuzi. Cha shahada, cha kati, cha pete: mbuzi, mbuzi, mbuzi. Kijana akafuta kioo kwa tai yake, akafuta vidole vya Bibi kwa leso, akazima mashine na kuiwasha. Vidole tisa vilipita kimoja kimoja kama washtakiwa.

"Na hicho, bibi?"

"Hicho achana nacho, ni kilema," alisema, akamficha Bwana Mkubwa nyuma ya gauni.

Kijana akamgeuza kiganja kuelekea dirishani. Ncha za vidole zilikuwa nyororo, zinang'aa kama yai lililomenywa.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Nafua."

"Ndiyo maana. Sabuni imekula alama zote. Mashine inaona huna vidole."

"Sasa nimeshika nini hapa?" Bibi Povu aliinua mikono yote miwili. "Mwanangu, hii pensheni si ya watu waliofanya kazi hadi wakachoka?"

"Ni hiyo hiyo, bibi."

"Mimi nimefanya kazi mpaka vidole vimefutika, mashine inanikataa. Huyu," akamwonyesha Mzee Kivuli kwa kidevu, "kazi yake kubwa ni kupiga miayo, mashine imempigia kengele kama mwanafunzi bora!"

Foleni yote ikaangua kicheko. Mzee Kivuli hakukasirika. Kukasirika nako kuna jasho.

Kijana alikuwa na moyo, na ilikuwa wazi kwamba hapendi kazi yake wakati huo. "Kuna utaratibu wa wasio na alama," alisema. "Faili lako linapelekwa makao makuu."

"Linarudi lini?"

Kijana akatazama dari. "Bibi, afya yako ikoje?"

"Niambie njia nyingine."

"Pumzisha mikono. Usiguse sabuni, usiguse maji ya moto, paka mafuta. Ngozi ikipumzika alama zinarudi. Siku ya mwisho ya usajili nitakuwa hapa hapa. Ila bibi, usiguse sabuni kabisa. Sabuni na wewe muachane."

Jioni hiyo familia ikakaa kikao. Binti akaleta kopo la mafuta ya mgando. Mtaalamu akaleta soksi zake, nene, za kijani, akamvalisha mama mkwe mikononi na kuzifunga vifundoni kwa waya wa redio. Bibi Povu akabaki ameinua mikono yake kama bondia aliyesahau ameingia ulingoni kufanya nini.

"Na nguo za wateja?" aliuliza. "Nina mzigo wa wiki nzima pale."

"Nitafua mimi," alisema Mtaalamu.

Binti akafunika kopo la mafuta, akamtazama mumewe.

"Kufua ni sayansi tu, mama. Maji, sabuni, msuguano. Ninyi mmekuwa mkitumia nguvu pasipo mpango."

"Na nani atamlinda mama?" aliuliza binti. "Mimi nashinda dukani. Huyu tukimwacha na beseni, hata saa haiishi, keshazama."

Wakatafuta mtu ambaye hana la kufanya kutwa nzima. Hawakutafuta mbali. Mzee Kivuli aliitwa, akasikiliza maelezo ya kazi yenyewe, yaani kukaa kivulini na kumtazama mtu mwingine akikaa, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa amesubiri ajira kama hiyo maisha yake yote.

Asubuhi yake akafika na kiti. Bibi Povu alikuwa juu ya kigoda, amenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, soksi za kijani magotini.

"Huko siko kukaa," alisema Mzee Kivuli baada ya kumchunguza. "Huko ni kusimama kwa matako."

"Ishia huko, Kivuli!"

"Nakufundisha, shemeji. Legeza mabega. Sasa legeza shingo. Uso nao."

"Uso nao unalegezwaje?"

"Acha kutazama nguo za watu kwenye kamba. Umekunja ndita utadhani zimekutukana."

"Lile shati limeanikwa kwa kola! Ni nani anaanika shati kwa kola?"

"Ni Mtaalamu. Halikuhusu. Funga macho. Unaona nini?"

"Naona shati limeanikwa kwa kola."

Mzee Kivuli akapumua kwa huruma ya mwalimu aliyepewa darasa gumu. "Shemeji, mimi watu wananiona hivi hivi, lakini kukaa bure si jambo la kuanza uzeeni. Kunataka msingi."

Siku zilikwenda kwa mwendo wa konokono mwenye mzigo. Bibi Povu alipata mateso ambayo kazi haikuwahi kumpa. Aliwashwa viganja. Aliota sabuni. Aliwasikia watoto wakimwaga maji, roho ikamruka. Siku moja Mzee Kivuli alipitiwa na usingizi, akaja kuzinduliwa na mlio wa *chapwa chapwa*. Akafumbua jicho moja. Bibi Povu alikuwa amesimama ndani ya beseni, gauni limepandishwa hadi magotini, mikono ya soksi juu hewani, anakanyaga mashuka kwa miguu na kuimba.

"Shemeji!"

"Miguu haikukatazwa!"

Habari ikafika kwa binti, binti akaja na soksi nyingine mbili.

Wakati huo sayansi ya Mtaalamu nayo ilikuwa ikiendelea. Sweta la mwenye duka la dawa lilirudi likiwa limemtosha mwanawe. Suruali ya kinyozi ilipata mguu mmoja mfupi, na kinyozi akaanza kutembea akiegemea upande huo ili kuulinganisha. Wateja walivumilia, kwa kuwa kila mmoja alijua Bibi Povu anapigania nini, na wengi wao walikuwa na mama zao wenye vidole vya namna hiyo hiyo.

Lakini siku moja kabla ya usajili kufungwa alikuja muuguzi mmoja, binti mdogo, mwembamba, ambaye Bibi Povu alimfulia sare tangu akiwa mwanafunzi. Kesho yake alfajiri alikuwa anaanza kazi kwenye hospitali kubwa. Alikuja kuchukua sare zake nyeupe.

Mtaalamu akazitoa. Alikuwa amezifua pamoja na lile pazia jekundu la sebuleni, katika kulisafisha kwa ajili ya kumpokea mama mkwe endapo mambo yangeharibika.

Sare zilikuwa na rangi ya ufizi.

Muuguzi alizishika, akazigeuza. "Si neno, bibi," alisema, na sauti ikakatika kwenye hilo "neno". "Nitawaambia tu."

"Kitaalamu," alianza Mtaalamu, "hii ni rangi ambayo wagonjwa huipenda..."

"Nyamaza, baba," alisema Bibi Povu taratibu, akaanza kufungua waya wa redio kwa meno.

"Mama! Ni kesho tu! Imebaki kesho tu!"

"Mtu hajawahi kutoka kwangu na rangi ya ufizi. Mwanangu, kaa hapo kwenye kigoda. Mtaalamu, chemsha maji."

"Shemeji, soksi," alisema Mzee Kivuli, kwa kuwa ndiye mlinzi na alijua wajibu wake.

"Lala."

"Haya."

Akaingia. Maji ya moto, sabuni, dawa ya kutoa madoa, vidole tisa vikishuka na kupanda kama pistoni, na Bwana Mkubwa juu ya povu, mkavu, kakaza uso. Mgongo ulipiga kelele, hakuusikiliza. Jua lilipoanza kuinama, sare zilikuwa juu ya kamba, nyeupe hadi zinaumiza macho, zimeanikwa kwa pindo kama inavyostahili. Muuguzi alimkumbatia akalia begani pake. Bibi Povu hakulia mpaka yule muuguzi alipoondoka. Ndipo akatazama ncha za vidole vyake. Mistari iliyoanza kurudi, ambayo kila asubuhi Mzee Kivuli alimsomea kama gazeti, ilikuwa imekwenda na maji.

Siku ya mwisho walikwenda kama msafara wa mazishi. Bibi Povu mbele, ufunguo shingoni. Binti akimshika mkono. Mtaalamu nyuma na bisibisi mfukoni, kwa tahadhari. Na Mzee Kivuli mwisho kabisa, na kiti chake.

"Bibi! Shikamoo," alisema kijana wa usajili kwa furaha. "Mikono imepumzika?"

"Marahaba. Imepumzika kidogo," alijibu Bibi Povu, "halafu ikaamka."

Gumba la kulia: mbuzi. La kushoto: mbuzi. Kijana alijaribu kila kimoja mara mbili, mara tatu, akivibembeleza kama vifaranga. Cha tisa kilipokataliwa, Bibi Povu alianza kuuvua ule uzi wa ufunguo shingoni, taratibu, na uzi ukamkwama sikioni.

"Mashine mbovu hii," alisema Mtaalamu, bisibisi mkononi. "Niachie niifungue, nitaona tatizo mara moja."

"Mzee, tafadhali, usiiguse!" Kijana akaikumbatia mashine kifuani.

"Samahani," ilisikika sauti kutoka kivuli cha mlango. Mzee Kivuli alikuwa ameshakaa. "Mbona yule mwenzangu hamjamwita?"

"Mwenzako yupi?"

"Huyo aliyesimama pembeni. Mlinizawadia kazi ya kumtazama shemeji kutwa, nami sina jingine la kutazama. Jana wamefua wote mpaka wakataka kutoka ngozi, yule hakulowa hata kucha. Mimi mvivu nikimwona namjua. Yule ni ndugu yangu kabisa."

Watu wote wakatazama mkono wa kushoto wa Bibi Povu. Bwana Mkubwa alikuwa wima, kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Lakini ni kilema," alisema Bibi.

"Hata wahenga walisema," aliingilia Mtaalamu, "kidole kimoja hakivunji chawa."

"Hapa hatuvunji chawa," alisema Mzee Kivuli. "Tunasajili mtu."

Kijana alikuwa ameshaweka mashine mezani. "Utaratibu unasema kidole chochote, alimradi kiwe chake. Leta, bibi."

Kuleta ndiko kulikokuwa na kazi. Kidole kisichokunjika hakilali kwenye kioo kwa hiari. Bibi Povu alijaribu kutokea mbele, akajaribu ubavuni. Mwishowe akapanda juu ya kiti cha Mzee Kivuli, kipenzi chake ambacho hajawahi kumwazima mtu, akaipa mashine mgongo, akapeleka mkono nyuma kama mtu anayejikuna palipojificha. Binti alimshika kiuno. Mtaalamu alishika kiti. Kijana aliinua mashine akaileta kwenye kidole, maana kidole hakikuwa tayari kuifuata mashine.

*Ting!*

"Duh!" alisema kijana. "Kila mstari!"

Ofisi ikalipuka. Mtu mmoja kwenye foleni alipiga vigelegele, Mtaalamu akakiachia kiti kwa furaha, na bibi nusura aanguke akiwa tajiri.

Pensheni ilipoanza kutoka haikuwa ya kununulia gari. Ilitosha chumba, na ilitosha kumwambia mwenye nyumba "karibu ndani" bila kujificha nyuma ya mlango kwanza. Beseni lilipinduliwa chini juu, likawa kiti cha wageni. Bwana Mkubwa akapanda cheo: kila mwezi ndiye anayekwenda kupokea, wale tisa wanamsindikiza, na usiku hupakwa mafuta peke yake. "Nilimdharau bure," Bibi Povu huwaambia wageni. "Kumbe alikuwa anatuwekea akiba."

Mzee Kivuli alisubiri wiki ya kwanza ipite, kwa adabu, halafu akaja uani na kiti chake, shati mkononi.

"Shemeji," alisema, "sidai kitu. Lakini ushauri nao una ada yake. Hili moja tu."

Bibi Povu alilitazama shati. Akamtazama yeye. Akainuka juu ya beseni, akaligeuza likatazama juu, akalijaza maji, akaweka kipande cha sabuni pembeni. Kisha akakaa kwenye kile kiti cha Mzee Kivuli, akalegeza mabega, akalegeza shingo, akalegeza na uso, kama alivyofundishwa.

"Inama, Kivuli," alisema. "Vidole vyako vina alama nyingi mno. Acha vipungue kidogo."